Dirisha Kwenye Kifuniko: Itazame Mashine ya Kufulia Ikizunguka, Swichi Ibaki Kazini

Anayenunua mashine ya kufulia kwa mara ya kwanza huwa na hamu moja: kuiona ikifanya kazi. Hamu hiyo si ya kitoto. Mtu aliyefua kwa mikono maisha yake yote, anayejua kola ya shati la shambani husuguliwa vipi, hawezi tu kutumbukiza nguo kwenye pipa, akafunika na kwenda zake. Anataka kuona maji yakigeuka, nguo zikipinduka, na udongo mwekundu wa Kibugu, hapa Embu, ukiachia. Basi nguo zikiwa zinakamuliwa anafunua, mashine inazima. Anafunika, inaendelea. Anafunua tena, inazima tena. Hapo ndipo mtu humshauri: "Ziba hiyo swichi, itazunguka ikiwa wazi."

Usiizibe. Kinachofaa kubadilishwa ni kifuniko. Unakikata dirisha, unaweka plastiki angavu, na swichi inaendelea na kazi yake. Ni kazi ya alasiri moja, haigusi waya wowote, na mtu aliyewahi kupigilia rafu ukutani anaiweza.

Mwongozo huu umeandikwa zaidi kwa wenye mashine za mapipa mawili, moja la kufulia na lingine la kukamulia. Kwenye miteremko ya Embu ndizo zinazofaa nyumba nyingi. Hazidai presha ya maji, unazijaza kwa ndoo kutoka kwenye tangi, na stima ikikatika katikati ya kazi unaendelea ulipoachia.

KWA NINI HUKATAA KUZUNGUKA IKIWA WAZI

Pipa la kufulia huenda taratibu. Sahani iliyo chini yake husukuma maji upande mmoja kwa sekunde chache, hupumzika, kisha hurudi upande wa pili. Pipa la kukamulia halina mzaha. Kwa kawaida huzunguka mara 1,300 hadi 1,400 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 20 kila sekunde.

Tupige hesabu. Pipa lenye upana wa sentimita 22, likizunguka mara 1,400 kwa dakika, ukingo wake huenda mita 16 kwa sekunde, karibu kilomita 58 kwa saa. Ni mwendo wa matatu inayoteremka kwenda Embu mjini, ila hii iko ndani ya chombo kinachokufikia kiunoni. Nguo zilizomo husukumwa ukutani kwa nguvu inayofika mara 240 ya uzito wake. Kilo moja ya jinzi iliyolowa hukandamiza ukuta wa pipa kana kwamba ni kilo 240.

Hatari kubwa hutoka kwenye nguo zenyewe. Kamba ya suruali, ukanda wa aproni au mkono wa sweta ukichomoza juu ya pipa hujiviringisha kwenye kidole, na kidole hufuata. Mtu hawezi kurudisha mkono haraka kuliko pipa linalozunguka mara 20 kwa sekunde.

Madaktari wanayajua majeraha haya tangu zamani. Enzi za mashine zilizokamua nguo kwa kuzipitisha kati ya rola mbili, mikono ilikuwa ikivutwa pamoja na shuka. Mwaka 1938 daktari MacCollum alichapisha visa 26 vya aina hiyo katika New England Journal of Medicine. Leo mashine za kukamulia zina kiwango chake cha kimataifa cha usalama, IEC 60335-2-4, na kifuniko kinachozima mota ni sehemu ya usalama huo.

Chini ya bawaba ya kifuniko cha mashine nyingi za mapipa mawili kuna vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni swichi: kifuniko kikifungwa, kijino cha plastiki huibonyeza na umeme hupita. Cha pili ni breki: kifuniko kikiinuliwa, waya hulegea na breki hulibana pipa kwa chini. Sasa fikiria aliyeziba swichi kwa kijiti. Mota inalisukuma pipa huku breki ikilishika. Mota hupata joto, hunuka, na mwishowe huungua. Hata asiyejali vidole vyake atajali bei ya mota.

KISANDUKU: TAA INAWEZA KUKUDANGANYA
Umeme wetu ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Taa nyingi za bei ya chini, za mirija na baadhi ya zile za LED, humemeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Chini ya taa kama hiyo, matundu ya pipa yakilingana na kumemeta huko, pipa linalozunguka kwa kasi huonekana limesimama au linarudi nyuma polepole. Wafanyakazi wa karakana wanaijua hatari hii. Usiamini kwamba pipa limesimama kwa kuliangalia tu: sikiliza, na ungoje breki imalize kazi.

KWANZA IJUE MASHINE YAKO

Mashine ya kufungulia mbele. Hii ina dirisha tangu kiwandani. Bendix wa Marekani waliweka mlango wa kioo cha duara kwenye mashine yao ya kujiendesha ya mwaka 1937, na mtindo huo umebaki. Huna la kukata.

Mashine ya kujiendesha ya kufungulia juu. Kifuniko kikiwa cha kioo, tayari unaona ndani. Kioo hicho hukazwa kwa joto kiwandani. Ukikitoboa au kukikata kinapasuka chote kuwa punje. Kikiwa cha plastiki, hatua zilizo hapa chini zinafaa, mradi usiguse sumaku iliyofichwa ukingoni wala ndoano ya kufuli.

Mashine ya mapipa mawili. Upande wa kufulia kwa kawaida huzunguka hata ukiwa wazi, kwa hiyo unaweza kutazama bila kubadilisha chochote. Toa mikono, funga nywele ndefu na leso, basi. Kazi yetu iko upande wa kukamulia. Hapo napo angalia kwanza kama kifuniko chako ni cha plastiki ya moshi inayopitisha mwanga. Kama ndicho, washa tochi ya simu, ilaze juu ya kifuniko na uchungulie pembeni yake. Huenda ukaona yote unayotaka kuona, na msumeno ukabaki dukani.

Kama mashine bado ina waranti, subiri iishe. Muuzaji akikuta kifuniko kimekatwa atakuwa na sababu ya kukukatalia hata hitilafu isiyohusiana nacho.

VIFAA

Vingi vinapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Plastiki angavu uitafute kwa mafundi wa madirisha ya alumini, ambao huwa na vipande vilivyobaki na huviuza kwa bei nafuu.

☐ Polikaboneti bapa, unene wa milimita 3 au 4, sentimita 19 kwa 19
☐ Bolti 8 za stenlesi za milimita 4, zenye kichwa cha mviringo
☐ Nati 8 zenye pete ya nailoni ndani, ambazo hazilegei kwa mtikisiko
☐ Washa 16 za plastiki au mpira
☐ Silikoni isiyonuka siki
☐ Drili yenye biti za milimita 5 na 10
☐ Msumeno wa jigso, au wembe wa msumeno wa chuma uliofungwa kitambaa upande mmoja
☐ Faili na msasa laini
☐ Utepe wa karatasi, rula na kalamu ya maka
☐ Miwani ya kukinga macho

Kuhusu plastiki, sikubali mbadala. Kioo cha dirisha kikipasuka juu ya pipa linalozunguka, vipande vitaruka usoni. Perspeksi inaonekana sawa na polikaboneti na wauzaji wengine huziita zote kwa jina moja, lakini ikigongwa huvunjika kuwa vipande vikali. Kuzitofautisha ni rahisi: omba kipande chembamba kilichobaki, kikunje kwa koleo. Perspeksi hulia "ta!" na kukatika. Polikaboneti hupinda na kubaki imepinda.

Silikoni nayo uichague kwa pua. Ile inayonuka siki ina asidi inayoweza kuipa polikaboneti nyufa ndogo ndogo baada ya muda. Mwambie muuzaji unataka ile isiyo na asidi.

HATUA KWA HATUA

1. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Iweke plagi juu ya mashine mahali unapoiona muda wote wa kazi.

2. Piga picha. Funua kifuniko na upige picha ya bawaba pande zote mbili, kijino, na springi kama ipo. Utazihitaji wakati wa kurudisha.

3. Toa kifuniko. Vingi hutoka kwa kubana upande mmoja wa bawaba na kuchomoa pini. Ukiona hakitoki bila kufungua mgongo wa mashine, simama hapo. Nyuma ya mgongo kuna kapasita, nayo inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Kazi hiyo mwachie fundi wa stima, au uliza kifuniko cha akiba cha modeli yako ukikate hicho.

4. Weka alama ya mahali pasipoguswa. Kwa maka nyekundu, zungushia kijino na bawaba zote mbili, ukiacha sentimita 5 kila upande. Msumeno usiingie hapo kwa sababu yoyote ile.

5. Geuza kifuniko na uangalie chini. Utaona mbavu za plastiki zinazokipa nguvu. Panga dirisha katikati ya mbavu. Ukilazimika kukata mmoja, uwe ule ulio mbali na bawaba.

6. Chora dirisha. Sentimita 15 kwa 15 zinatosha kabisa. Acha ukingo wa sentimita 4 au zaidi kila upande. Wengi hutaka dirisha kubwa, kisha kifuniko hulegea na kuanza kupigapiga.

7. Bandika utepe juu ya mistari, utoboe pembe. Toboa tundu la milimita 10 katika kila pembe ya dirisha, ndani ya mstari. Pembe ya mviringo haianzishi ufa. Pembe kali huanzisha.

8. Kata polepole. Jigso ikienda kasi huyeyusha plastiki, na nyuma ya wembe plastiki hushikana tena. Kata, pumzika, kata. Kisha lainisha ukingo kwa faili na msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzika.

9. Andaa polikaboneti. Usiondoe karatasi yake ya kinga bado. Toboa matundu 8: pembe nne, na moja katikati ya kila upande, sentimita 1 kutoka ukingoni. Bolti ni za milimita 4, lakini toboa kwa biti ya milimita 5. Polikaboneti hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na ikibanwa bila nafasi itapasuka kwenye tundu.

10. Pima kwa chini. Kipande kinakaa upande wa chini wa kifuniko, yaani upande wa pipa. Kitu kikiruka kutoka ndani kitakisukuma kwenye ukingo na kukikaza zaidi. Kingekaa juu, kingeng'olewa. Hakikisha kifuniko bado kinafunga bila kugusa kifuniko kidogo cha ndani cha pipa. Tia alama za matundu kwenye kifuniko kikubwa, uyatoboe.

11. Funga. Ondoa karatasi ya kinga. Paka uzi mwembamba wa silikoni kuzunguka ukingo, weka kipande, pitisha bolti kutoka chini, nati zikae juu. Hivyo upande wa pipa unabaki na vichwa laini visivyonasa nguo, na nati ikilegea unaiona kabla haijaanguka. Kaza mpaka washa ishike, basi. Ukiona plastiki imefanya weupe kuzunguka bolti, umekaza kupita kiasi.

12. Acha ikauke siku nzima. Kwenye miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ipe siku mbili. Ukungu hauidhuru silikoni, kwani hukauka kwa kutumia unyevu wa hewani. Baridi ndiyo huichelewesha.

13. Rudisha kifuniko ukifuata zile picha.

JARIBIO, AMBALO USIRUKE

Kifuniko kilichokatwa huwa chepesi kuliko mwanzo, na pengine kimepinda kidogo. Hilo linaweza kufanya kijino kisiibonyeze swichi vizuri, au kiibonyeze wakati kifuniko kiko nusu wazi. Jaribu kwa utaratibu huu.

A. Plagi ikiwa nje, funga na kufungua kifuniko mara kadhaa, taratibu. Sikiliza mlio wa "tik" wa swichi. Unapaswa kusikika kifuniko kikiwa kimeanza tu kuinuka. Unaweza pia kumwomba fundi mwenye mita apime swichi: kifuniko kikifungwa mita ilie, kikifunguliwa inyamaze.

B. Chomeka plagi. Pipa likiwa tupu, funga, washa kukamua kwa dakika moja. Simama pembeni, si juu ya mashine. Hakuna kugonga, hakuna kutetemeka kwa dirisha.

C. Pipa likiwa bado linazunguka, inua kifuniko kidogo. Sauti ya mota ife papo hapo, na breki ilisimamishe pipa ndani ya sekunde 10 hivi. Likiendelea kuzunguka zaidi ya sekunde 15, breki imechakaa. Mashine isitumike mpaka itengenezwe. Na mota isipozima kabisa, usihangaike na kifuniko: zima soketi ukutani.

D. Rudia ukiwa na taulo mbili zilizolowa, zilizopangwa pande mbili za pipa.

E. Chomoa plagi, ukague nati zote nane.

UTAZAME NINI SASA

Wengi huishia kustaajabu dakika tano za kwanza kisha wakasahau dirisha lipo. Hasara yao, kwa sababu pipa linasema mengi.

Katika kukamua, nguo zikienda vizuri hujibandika ukutani na kuacha shimo katikati, kama ndani ya mzinga uliochongwa vizuri. Ukiona duara hilo ni nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, pipa litaanza kuyumba na kugonga. Zima mapema. Ukisubiri ligonge ukutani mara kadhaa, unalegeza springi zinazolishikilia. Kosa la kawaida ni blanketi moja peke yake: halijigawi. Likunje liwe pete, au liongezee taulo upande mtupu, na juu ya yote ulaze kile kifuniko kidogo cha ndani kinachozuia nguo kuchomoza. Watu wengi hukitupa wakidhani ni sehemu ya pakiti.

Simu yenye video ya mwendo wa polepole itakuonyesha myumbo huo vizuri kuliko macho. Iweke juu ya dirisha kabla ya kuwasha, uitazame baadaye.

Povu likijaa chini ya dirisha na pipa likazunguka kwa uzito, umetia sabuni nyingi. Maji ya milimani kwetu ni laini, hayahitaji sabuni nyingi kama ya visima vya chumvi. Punguza nusu, uone. Povu lililobaki kati ya pipa na ukuta wa nje hulizuia pipa kushika kasi, na mota hufanya kazi ya bure.

Upande wa kufulia, tafuta mpinduko. Nguo zinapaswa kutoka ukingoni, kuja katikati, kuzama, na kuibuka tena. Chagua moja yenye rangi, labda soksi nyekundu, uifuate kwa macho. Ikipotea na kurudi kabla ya dakika moja au mbili, mzigo ni sawa. Ikikaa palepale ikitikisika, umejaza mno. Kwa nguo za shambani, zenye udongo mwekundu uliokauka, ziloweke na kuzisuuza kwenye beseni kwanza; chembe za mchanga zikiingia kwenye mashine hukaa kwenye mpira wa bomba la kutolea maji na kulifanya livuje.

Sahani ya chini nayo itazame. Ikienda upande mmoja tu bila kurudi, saa ya mashine ina kasoro. Ikinguruma bila kuzunguka, zima ndani ya sekunde chache: yaweza kuwa soksi imenasa chini yake, mkanda umelegea, au kapasita imechoka. Na kama hilo hutokea jioni tu, wakati kila nyumba imewasha taa na televisheni, shuku umeme mdogo ulio mwisho wa laini kabla ya kushuku mashine. Jaribu asubuhi.

Ndani ya dirisha kutakuwa na matone na ukungu. Sugua tone moja la sabuni ya vyombo kwa kitambaa kikavu mpaka lisionekane. Utaona vizuri kwa mara kadhaa za kufua.

MAHALI MASHINE INAPOKAA

Nyumba nyingi za mteremkoni zina veranda iliyoinamishwa makusudi ili maji ya mvua yatoke. Ni nzuri kwa veranda, mbaya kwa mashine. Pipa linalozunguka likiwa limeinama hugonga hata nguo zikipangwa vizuri. Weka ndoo ya maji mahali hapo uone maji yameinamia wapi, kisha inua miguu ya upande huo kwa kipande cha mbao ngumu au mpira wa tairi. Tofali halifai, hutembea.

La pili ni waya wa ethi. Mashine nyingi za mapipa mawili huja na waya wa kijani na manjano uliokunjwa nyuma, umefungwa kwa uzi, na hivyo ndivyo unavyobaki miaka yote. Waya huo ndio unaozuia mwili wa mashine kukurusha pale umeme unapovuja kwenye maji. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, auunganishe na ethi ya nyumba, na akague kama kuna breka ya RCD, ile inayokata umeme unapovuja. Usiufunge kwenye bomba la maji. Wala usisimame kwenye sakafu iliyolowa bila ndara huku umeegemea mashine kutazama dirishani.

KISANDUKU: UKINUNUA ILIYOTUMIKA
Mashine iliyokwisha kuzibwa swichi huuzwa bila mtu kutaja jambo hilo. Kabla ya kulipa:
☐ Omba iwashwe mbele yako, upande wa kukamulia, pipa tupu, kisha kifuniko kiinuliwe. Isipozima, iache.
☐ Chungulia kwenye tundu la kijino kwa tochi: kijiti, karatasi iliyosokotwa, gundi au utepe ni ushahidi.
☐ Kijino chenyewe kipo, hakijavunjika?
☐ Kifuniko cha ndani kipo?
☐ Nusa mgongo wa mashine baada ya dakika tatu za kazi. Harufu ya kuungua inaweza kuwa ya mota iliyopigana na breki.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kukata dirisha huku kifuniko kiko kwenye mashine. Unga wa plastiki huanguka kwenye swichi na breki, na wiki mbili baadaye swichi inakwama.

Kutumia skrubu za mbao badala ya bolti. Hushika siku ya kwanza. Mtikisiko huzitoa moja moja.

Kufunga bawaba ndogo ili dirisha lenyewe lifunguke. Hapo umetengeneza njia ya mkono kuingia bila swichi kujua. Dirisha ni la macho peke yake.

Kumwacha mtoto apande kiti ili aone. Atapanda, hilo halina shaka, maana hakuna televisheni inayoshinda pipa linalozunguka. Mwinue wewe, umwonyeshe, mshuke pamoja. Na kama unamwita mama fua aje kukusaidia, mwonyeshe siku ya kwanza jinsi mashine inavyozima kifuniko kikiinuliwa, na umwambie asiingize mkono mpaka pipa lisimame kabisa. Akikuambia ameiona ikizunguka ikiwa wazi, usimbishie: chomoa plagi, rudia jaribio C.

Mtu akinaswa, zima ukutani kwanza kabla ya kumvuta. Usifungue nguo iliyojiviringisha kwa nguvu. Ikate kwa mkasi. Kidole kilichovimba, kilichokufa ganzi au kubadilika rangi ni cha kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Embu siku hiyo hiyo, hata kama ngozi haijachanika, kwa sababu madhara ya kusokotwa huwa ndani.

KULITUNZA DIRISHA

Lifute kwa maji, sabuni na kitambaa laini. Petroli, thina na dawa za kusafishia zenye amonia huipasua polikaboneti kidogo kidogo. Kila mwezi pitisha kidole juu ya nati. Inayozunguka kwa mkono ikazwe. Mikwaruzo ikizidi ukashindwa kuona, kata kipande kipya kwa kufuatisha cha zamani, matundu yale yale, usikwangue cha zamani kwa msasa.